Msimu Ambao Mama Alikaa Kimya

Juzi nilipeleka gauni kwa fundi ili aniwekee zipu mpya. Aliilaza cherehani ubavu, akaanza kuidondoshea mafuta kwenye vyuma vyake vya chini, na harufu ikanifikia nikiwa bado mlangoni. Kwa muda nikasahau nilichokuja kufanya. Watu wa rika langu wakinusa mafuta ya cherehani hukumbuka sare mpya za shule. Mimi nakumbuka tromboni.

Mama alikuwa fundi cherehani Kitaji, pale Musoma. Alishona sare mwaka mzima, na mafuta yale yale aliyotilia cherehani ndiyo aliyopaka kwenye bomba la tromboni yake, kwa kuwa mafuta maalumu ya ala hiyo hayakuuzwa mahali popote tulipopajua. Nyumba yetu ilikuwa na harufu moja kwa kazi mbili. Ukiingia sebuleni ukaikuta imekolea, hukujua kama mama alikuwa akishona au akipuliza mpaka utazame sakafuni. Vipande vya uzi vilimaanisha ameshona. Matone ya maji, ya pumzi iliyopoa ndani ya bomba, yalimaanisha amepuliza.

Tromboni, kwa asiyeijua, ni tarumbeta ndefu isiyo na vitufe. Mpigaji huvuta na kusukuma bomba mbele yake mpaka aipate sauti anayoitafuta. Inataka mtu mwenye mikono mirefu, na mama alikuwa na mikono mirefu kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Hiyo ndiyo sababu pekee ya yeye kupewa tromboni. Aliyempa ni Afande Magesa, mzee aliyekuwa amestaafu kwenye bendi ya askari na kurudi nyumbani na ala chakavu alizozikusanya kwa miaka. Fidla alizipata makanisani, zilikokuwa zimeachwa na wageni na kugeuka makazi ya mende. Alitaka okestra kamili, ya kupiga muziki ule mkubwa wa Ulaya alioufundishwa ujanani alipopelekwa ng'ambo masomoni, na alitaka ipigwe na watu wa Musoma mbele ya watu wa Mara.

Akawapata. Muuguzi mmoja alishika filimbi. Walimu wa shule za msingi walishika fidla. Muuza dagaa mwenye mashavu makubwa alishika tarumbeta, na kinyozi wa Mwisenge alishika lile zeze kubwa kabisa linalopigwa mtu akiwa amesimama, ambalo wateja wake waliliita jeneza. Kila Jumamosi mchana walisukuma madawati ya darasa moja la shule pale Mwisenge wakafanya mazoezi. Watoto hatukuruhusiwa kuingia. Afande alisema watoto hukohoa. Lakini tulisimama nje ya madirisha tukamsikia akifoka, kwa sababu alimwita kila mtu kwa jina la ala yake.

"Fidla ya pili! Unakimbilia wapi? Kuna ng'ombe wanavuka hapo, subiri wavuke!"

"Filimbi, hiyo ni noti au unaita mbwa?"

Ndani walicheka, naye alicheka nao, kisha wakarudia.

Msimu ule waliandaa maonyesho matatu: la kwanza Mwisenge, la pili Nyamuswa upande wa Bunda, la mwisho Butiama, ambako mama alizaliwa na ambako Bibi, mama yake, alikuwa bado anaishi. Kazi kubwa ya msimu ilikuwa simfonia moja ndefu yenye sehemu nne. Mama aliisubiri Butiama kwa namna ambayo hata mimi niliiona. Alipokuwa akishona aliinua kichwa na kusema peke yake, "Bibi yako atasikia." Mara nyingine alisema, "Bibi yako sijui atasemaje." Bibi hakuwahi kumsikia akipiga chochote.

Onyesho la Mwisenge lilifanyika kwenye bwalo la shule. Nilikaa na baba, aliyekuwa fundi wa injini za boti, na pembeni yangu alikaa Wegesa, jirani yetu na mwanafunzi mwenzangu, mtoto mwenye macho ya kutafuta kasoro. Okestra iliingia ikiwa imevaa mashati meupe aliyoyashona mama. Yeye na wanaume wawili wenye tromboni wakakaa nyuma kabisa, juu ya jukwaa dogo la meza, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kukosa kuwaona. Afande akainua kijiti chake. Muziki ukaanza kwa kishindo, kama zizi limefunguliwa asubuhi na ng'ombe wote wametoka kwa pamoja.

Kila mtu alipiga. Kila mtu isipokuwa mama na wale wawili. Walikaa wima, tromboni zimesimama magotini, mikono imetulia, macho mbele. Sehemu ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaanza, polepole, na wao wamekaa vile vile.

"Mbona mama yako hapigi?" Wegesa akanong'ona.

"Atapiga."

"Lini? Hata kinyozi anapiga."

"Nimesema atapiga."

"Au anakaaga tu ili shati lionekane?"

Nilimfinya, lakini swali lilikuwa limeshaingia.

Hapa ni lazima nieleze desturi ya kanisa letu, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa nilichokiona. Kwetu, mwanakwaya aliyetenda kosa hakufukuzwa. Alitengwa, lakini alitengwa akiwa pale pale. Alikuja Jumapili na sare yake, akakaa kwenye benchi la kwaya mahali pake pa siku zote, na wenzake waliposimama kuimba yeye alibaki ameketi, mikono magotini, mdomo umefungwa. Angeweza kukaa hivyo wiki au miezi. Akirudi kundini, hakurudi kwa kuomba yeye mwenyewe. Mtu wa nyumbani kwake, mzazi kama yupo, alivua viatu, akatembea mpaka mbele, akamwonyesha kwa mkono na kusema, "Huyu ni wangu. Mrudisheni." Basi. Hakutakiwa kueleza wala kutetea. Mzee wa kanisa akikubali, kwaya iliimba papo hapo na aliyetengwa akasimama kuimba nayo.

Nilikuwa nimeiona mara nyingi. Kwa hiyo nilipomtazama mama ameketi vile, wima, mikono imetulia, nilijua nilichokuwa nikikitazama. Nilimgeukia baba.

"Baba, mama anafanya nini pale?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Mpaka Afande amruhusu."

Ushahidi gani zaidi ningetaka? Nilikaa na aibu yangu mpaka sehemu ya nne. Hapo Afande akawatazama wale watatu, akanyoosha kiganja, akakiinua taratibu. Tromboni zikapanda kwa pamoja. Ule mlio! Bwalo lote lilijaa shaba, madirisha yakatetemeka, mwanamke mmoja nyuma yetu akasema "Yesu wangu" kwa sauti kubwa, na mama akapiga mpaka mwisho huku mishipa ya shingo imemtoka. Kwa macho yangu niliuona msamaha ukitolewa.

Wakati wa kurudi nyumbani nilibaki na jambo moja la kuchunguza: kosa. Nilikuwa mtoto wa kupenda kujua mambo mpaka mwisho wake, na nilifanya kazi hiyo kwa utaratibu. Niliwaza ugali uliowahi kuungua. Niliwaza ugomvi na muuza maji. Vyote vilikuwa vidogo. Kisha nikawaza wale wanaume wawili waliotengwa pamoja naye. Mmoja alikuwa fundi viatu, mwingine fundi redio. Mama fundi cherehani. Wote watatu mafundi! Na mafundi wote wa dunia hii wana dhambi moja. Mteja akija kuchukua kitu chake humwambia, "Njoo kesho jioni utakikuta tayari," na kesho jioni hakiko tayari. Suruali ya Afande mwenyewe ilikuwa imelala kwetu kwenye kigoda tangu mwezi uliopita. Nilijiona nimefumbua fumbo kubwa.

Jumatatu mteja akaja, na mama, bila kuinua macho, akamwambia aje kesho.

"Mama," nikamnong'oneza, "usiseme kesho kama si kesho."

"Na wewe umekuwa mchungaji lini?"

"Utakaa tena."

"Nitakaa wapi?"

Nilichukua ile suruali ya Afande nikaiweka juu ya cherehani, mbele kabisa, pa kuonekana. Akaitoa, akaendelea na sare.

Haikunishangaza basi kwamba Nyamuswa walimkalisha tena. Onyesho lilifanyika kwenye uwanja wa shule, siku ya mnada, ili watu waliokuja na ng'ombe na mbuzi wapitie hapo kabla ya kurudi makwao. Walikuja wengi. Walisimama na fimbo zao na mbuzi wao, wakaisikiliza simfonia kwa makini kama wanavyomkagua fahali wa kununua, na walitoa maoni yao bila kushusha sauti.

"Hao watatu wa nyuma ni wa nini?"

"Si walinzi wa hizo tarumbeta."

"Walinzi gani mmoja mwanamke? Hao ni wa akiba. Akiumia mtu wanaingizwa."

"Basi aumie, tuone!"

Watu wakacheka. Mama naye alisikia, maana nilimwona akibana midomo ili asicheke. Wakati ule mimi nilidhani anaibana kwa uchungu. Sehemu ya tatu ilipokuwa katikati, upepo ukageuka, vumbi likainuka, na mvua ikashuka bila hata tone la kuonya. Fidla zilifunikwa na vitenge zikakimbizwa kwenye baraza la shule. Jeneza la kinyozi lilibebwa na watu wanne kama jeneza kweli, na waombolezaji nyuma wakipiga kelele za furaha. Afande alibaki peke yake uwanjani akiendelea kupunga kijiti, amelowa chapachapa, mpaka muuguzi alipokwenda kumvuta kwa mkono. Nakumbuka mama akikimbia, tromboni ameikumbatia chini ya kitenge kama mtoto mchanga, akicheka mpaka anashindwa kukimbia.

Mimi sikucheka. Sehemu ya nne haikupigwa. Siku hiyo, kwa hesabu zangu, hata mbingu zilikuwa zimekataa kumsamehe.

Pale mnadani alikuwepo mama mmoja wa Butiama, wa kanisa la Bibi, aliyekuja kununua mbuzi. Aliyaona yote mpaka mvua iliponyesha, akapanda gari akarudi kwao na alichokiona. Baada ya siku chache simu ya mama ikalia. Mama alikuwa amebanwa na pindo la sketi, pini mdomoni, akaniashiria nipokee.

"Ni wewe, mjukuu wangu?"

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko karibu?"

"Anashona."

"Sogea nje kidogo." Nikasogea. "Niambie. Kwenye huo muziki wao, mama yako wanamwachaga apige?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo hilo waziwazi. Nilimpa taarifa kamili. Nilimwambia kuhusu sehemu tatu za kukaa, kiganja cha Afande, msamaha wa Mwisenge, mvua ya Nyamuswa. Nikamwambia na wale mafundi wenzake wawili. Bibi alisikiliza bila kunikatiza, na aliponijibu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na baba yako hakusimama?"

"Hakusimama."

"Hakuna mtu yeyote aliyesimama?"

"Hakuna, Bibi."

Nikasikia kuku wake wakilia kwa mbali.

"Haya," akasema. "Usimwambie mama yako kwamba tumeongea."

Kuna jambo ambalo wakati ule sikulijua. Mama alinisimulia nikiwa mtu mzima, lakini mahali pake ni hapa. Mama aliwahi kutengwa kweli. Alikuwa Nyangeta, binti wa kwaya pale Butiama, sauti ya kwanza, na kosa lake lilikuwa mimi. Nilikuwa njiani kabla ya ndoa. Babu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alitangaza kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama kwa ajili yake. Mama akakaa kwenye benchi la kwaya Jumapili baada ya Jumapili, tumbo likikua, na mbele yake, safu ya pili ya akina mama, alikaa Bibi akitazama sakafu. Mwisho alisimamiwa na shangazi yake, nikiwa nimeshazaliwa, siku ambayo Bibi alisema anaumwa na hakwenda kanisani. Baba akamwoa mama, wakahamia Musoma, mambo yakapoa. Babu akafariki. Mama na Bibi walitembeleana, walitumiana samaki na mtama, walicheka pamoja. Lakini hawakulizungumza jambo hilo kamwe, na katika kanisa la Butiama mama hakuimba tena.

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa kilichokuwa moyoni mwa mama tulipopanda gari la kukodi kwenda Butiama, okestra nzima na sisi watu wao, jeneza la kinyozi likiwa limefungwa juu ya paa. Aliishika tromboni njia nzima. Hakuiachia hata tuliposimama kununua miwa.

"Tulia," baba akamwambia.

"Nimetulia."

"Unaitikisa."

"Barabara ndiyo inatikisa."

Gari lilikuwa limesimama.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wenye milango iliyoachwa wazi pande zote. Watu walikuwa wametoka ibadani wamekula, wakaja wameshiba na wametulia. Bibi aliingia mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, na siku hiyo alivaa kitenge kilichokuwa kwenye sanduku tangu harusi ya mjomba, na viatu vyeusi vya kufungwa kwa kamba ambavyo sikuwahi kumwona navyo zaidi ya misibani. Nyuma yake walimfuata akina mama wa kanisa lake, safu nzima, wote wamekaza nyuso. Walikaa mbele, Bibi kwenye benchi la kwanza na wao nyuma yake. Mimi nilikimbia nikakaa naye. Alinishika mkono.

"Ni yule mwenye kijiti?" akaniuliza.

"Ndiye Afande."

"Ana uso wa huruma," akasema, kama anayejipa moyo.

Sehemu ya kwanza ilipita, ng'ombe wote wakatoka zizini. Bibi hakuwatazama wenye fidla hata mara moja. Macho yake yalikwenda moja kwa moja nyuma, juu, kwa mama, aliyekaa wima na mikono imetulia. Mama alimwona, akatabasamu kidogo. Bibi hakutabasamu. Sehemu ya pili iliposhika mwendo wake wa polepole, wa mtu anayesimulia habari ya msiba uliokwisha poa, nilisikia akina mama nyuma yetu wakivuta pumzi.

"Bado amekaa," mmoja akasema.

"Tunaona," akajibu mwingine.

Sehemu ya tatu ya simfonia ile haiishi kama nyingine. Inanyata. Sauti zinapungua moja baada ya nyingine, mpaka mwisho zinabaki fidla chache zinazopumua tu, na ngoma inayogongwa taratibu, du, du, du, kama mtu anatwanga katika nyumba ya mbali. Halafu, bila kupumzika, sehemu ya nne inalipuka. Sisi wa Musoma tulilijua hilo. Butiama hawakulijua. Wao walisikia muziki ukiisha na ukumbi ukinyamaza, na kwenye ibada yoyote waliyoijua, ukimya wa namna ile una kazi moja.

Bibi akaniachia mkono. Akainama. Nikaona anafungua kamba za viatu.

Nakumbuka nilivyofurahi. Sikuona aibu wala hofu. Niliona hatimaye mtu mwenye akili amefika. Bibi aliviweka viatu vyake chini ya benchi, vimeelekeana vizuri, akasimama, akatembea kwenye sakafu ya saruji kwa miguu mitupu mpaka nyuma ya mgongo wa Afande, ambaye alikuwa ameinama juu ya fidla zake akizibembeleza zipumue. Akainua mkono akaonyesha juu ya vichwa vyao wote.

"Huyu ni wangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini kulikuwa na ngoma tu, kila mtu akasikia. "Nyangeta ni wangu. Mrudisheni."

Fidla moja ilikwaruza. Afande hakugeuka, maana kiongozi wa okestra akigeuka pale kila kitu kinaanguka. Nyuma yangu benchi likalia, na akina mama wote wa safu ile wakasimama. "Mrudisheni!" wakasema kwa pamoja. Mzee mmoja mlangoni, ambaye nadhani hakujua hata ni nani anayezungumziwa, akavua kofia.

Nilimtazama mama. Alikuwa hatazami kijiti tena. Alikuwa anatazama miguu ya Bibi, ile miguu mitupu kwenye saruji, na mdomo wake ulikuwa wazi.

Ngoma ikapanda. Afande akanyoosha kiganja kuelekea nyuma, akakiinua, na tromboni zikapanda.

Zilipanda mbili. Ya tatu ilichelewa. Mimi niliyekuwa nikihesabu kila kitu naweza kuapa kwamba fundi viatu na fundi redio waliingia peke yao, na ya mama ikaja nyuma yao kidogo, ikayumba, ikatafuta, halafu ikashika. Iliposhika ilipiga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia Kitaji wala Mwisenge. Ukumbi ulifurika. Vigelegele vikapasuka safu za mbele, vya akina mama walioona maombi yamejibiwa papo hapo, mbele ya macho yao, kwa tarumbeta, bila hata kikao cha wazee. Watu wa milangoni wakaingia ndani wakicheza. Kinyozi alikuwa akilipiga jeneza lake huku anacheka na machozi yanamtoka, na Afande, ambaye kwa msimu mzima alikuwa ametukataza hata kukohoa, aliligeukia kundi lote la watu na kuanza kutuongoza na sisi. Bibi alibaki amesimama pale pale katikati, mkono bado umeelekea juu, kama akiushusha mtu atakalishwa tena.

Chakula kilikuwa kwa Bibi, uani, jua likiwa bado lipo. Kulikuwa na ugali wa mtama, kuku wawili na samaki tuliokuja nao. Bibi alimfuata Afande kabla hajakaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kumsamehe mtoto wangu."

Afande alikuwa ameshaelezwa na wanakijiji njiani, na alikuwa amepata muda wa kutafuta maneno.

"Mama, huyu hana kosa lolote. Ni mtu wangu mzuri sana. Muziki ndivyo ulivyoandikwa. Tromboni zinakaa mpaka sehemu ya nne."

"Nani ameuandika hivyo?"

"Mzungu mmoja wa zamani, mama. Alishakufa."

Bibi akafikiri. "Amemkalisha mtoto wangu sehemu tatu nzima, na hajakosa kitu?"

"Na wenzake wawili."

"Basi anayetakiwa kutubu ni yeye," Bibi akasema. "Na kwao hakuna mtu wa kumsimamia?"

Watu walicheka mpaka kinyozi akapaliwa na ikabidi apigwe mgongoni. Fundi redio akasema ataandika barua Ulaya. Baba alinitazama mimi kwa muda, akaanza kuelewa habari zilifikaje Butiama, na akaamua kula. Afande alitumia nafasi hiyo kuulizia suruali yake, na mama akamwambia aje kesho.

Kisha mama akachukua birika na beseni kuwanawisha watu, kama inavyompasa binti wa nyumba. Alianza na wageni, akazunguka, akamalizia na mama yake. Alipiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimekaa miguuni mwa Bibi, kwa hiyo nilisikia kila neno, ingawa waliongea chini.

"Mama."

"Naam."

"Ulidhani nimekosa nini?"

Bibi alisugua mikono chini ya maji. Mahali pengine kwenye ua walikuwa wameanza tena kucheka.

"Sikujua."

"Hukuuliza?"

"Safari hii sikuuliza, nilisimama," Bibi akasema.

Mama alishusha macho akaendelea kumimina, polepole, uzi mwembamba wa maji. Mikono ya Bibi ilikuwa imeshatakata, na beseni lilikuwa limejaa mpaka maji yakaanza kumwagika kwenye magoti yao wote wawili, lakini mama hakuacha kumimina, na Bibi hakuiondoa mikono.